Noeli Lubumbashi: mwongozo kamili wa kufikisha pesa ya Desemba hadi mwisho wa Januari

Kila mwaka kosa ni lilelile. Watu wanapanga bajeti ya tarehe 25 vizuri kabisa: kuku, mchele, soda, nguo za watoto. Tarehe 8 Januari mfuko ni mtupu, wala si kwa sababu ya kuku. Pesa imekwenda kwa makala (makaa) ya kafungu, unga wa kopo, taksi mara mbili kwa siku, na dola 20 iliyovunjwa dukani kwa kiwango kibaya. Mwongozo huu unashughulikia matumizi hayo ya kila siku. Sherehe yenyewe tunaipa sehemu yake, lakini sehemu ndogo.

Umeandikwa kwa nyumba ya watu sita inayolipwa kwa mwezi. Anayepata pesa kila siku afuate hatua hizohizo, ila hesabu yake aifanye kila Jumamosi badala ya mara moja.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari moja na kalamu. Simu inazimika chaji, tena si kila mtu nyumbani anaifungua.
- Bahasha sita, au vikopo sita vyenye vifuniko.
- Mzani mdogo wa ndoano wa kupima hadi kilo 25. Kama huna, azimeni mmoja kwa majirani watatu.
- Ndoo mbili zenye mfuniko unaobana, na matofali au mbao za kuinulia magunia.
- Kalenda ya Desemba na Januari, zote mbili zikiwa mbele yako.
- Bei za leo za vitu kumi mnavyokula zaidi, ulizoandika mwenyewe sokoni kabla ya tarehe 10 Desemba. Bila bei hizo hutajua kama mtu anakupandishia au la.

## Hatua ya 1: Hesabu siku kabla ya vitu

Mishahara mingi ya Desemba inatoka mapema ili watu washerehekee. Ndipo mtego ulipo. Ukilipwa tarehe 20 Desemba na mshahara unaofuata ukitoka tarehe 31 Januari, kuna siku 42 za kula katikati. Mtu anayezoea siku 30 amepoteza siku 12 kabla hajanunua hata chumvi.

Fanya hesabu hivi. Tuseme mshahara ni dola 500. Toa kwanza vitu visivyongoja: kodi ya nyumba ya Januari 80, shule 60, usafiri wa kwenda kazini 45, akiba ya ugonjwa 25. Jumla 210, zinabaki 290. Sikukuu ipewe 60. Zinabaki 230. Gawanya kwa 42: dola 5 na senti 47 kwa siku.

Namba hiyo ya mwisho iandike kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Sasa kila kishawishi kina bei unayoielewa: dola 11 za mapambo ni siku mbili za chakula cha nyumba nzima.

Onyo: usisahau sikukuu za Januari. Tarehe 4 ni siku ya mashahidi wa uhuru, tarehe 16 na 17 ni za Laurent-Désiré Kabila na Patrice Lumumba. Ofisi zinafungwa, watoto wako nyumbani, mlo wa mchana unaongezeka. Kwa anayefanya kibarua, ni siku bila pesa kabisa. Zitie alama kwenye kalenda.

Umefaulu kama unaweza kujibu bila kufungua daftari ukiulizwa, "Nyumba yenu inakula ngapi kwa siku?"

## Hatua ya 2: Gawa bahasha, kisha funga nne

Bahasha ya kwanza ni ya kodi na shule. Ya pili ni ya ugonjwa na usafiri wa kazi. Ya tatu ni ya sikukuu. Tatu zinazobaki ni za chakula, kila moja siku 14. Siku ya kwanza fungua mbili tu: ya usafiri na ya chakula ya kwanza. Nyingine nne gundisha, andika juu tarehe ya kufunguliwa, na zikae kwa mtu wa nyumbani asiyekwenda sokoni. Yule mwenye kikapu ndiye anayeshawishiwa.

Kwa nini siku 14 na si mwezi? Ukikosea ndani ya wiki mbili bado kuna nafasi ya kujirekebisha. Ukikosea kwa mwezi mzima, unagundua ukiwa tayari unakopa.

Kama pesa iko kwenye simu, M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, usiitoe vipandevipande. Soma tarifa iliyobandikwa kwa ajenti, hesabu gharama ya kutoa mara moja kwa wiki mbili, ilinganishe na kutoa kidogo kila siku.

## Hatua ya 3: Dola na franka, pesa inapovuja bila sauti

Hapa wengi wanapoteza bila kujua, kwa hiyo twende polepole.

Kitu kina bei ya dola 5. Wewe una noti ya 20. Duka linakurudishia chenji kwa franka, kwa kiwango chake. Tuseme kambiste (mvunja pesa) wa barabarani leo ananunua dola kwa franka 2,250 na duka linaipokea kwa 2,150. Chenji yako ya dola 15 ni franka 32,250. Kwa kambiste ungepata 33,750. Franka 1,500 zimebaki dukani, na hakuna aliyekuibia. Rudia hivyo mara nane kabla ya mwaka mpya: franka 12,000.

Kanuni ni tatu:

1. Kilichoandikwa bei kwa franka, kilipe kwa franka. Kilichoandikwa kwa dola, kilipe kwa dola kamili. Kwa hiyo tafuta mapema noti ndogo za dola 5 na 10.
2. Kabla ya kuvunja, uliza makambiste wawili: "Papa, leo dola munanunua ngapi?" Usitoe noti mfukoni kabla ya jibu.
3. Vunja pesa ya bahasha ya wiki mbili tu. Kiwango kinacheza, na franka nyingi mkononi zinajitafutia kazi.

Onyo kuhusu noti: dola yenye mpasuko hata wa nusu sentimita, doa la wino au plasta inakataliwa, au kambiste anaikata thamani. Mnapolipwa, geuza kila noti, angalia kingo zote nne, rudisha mbovu palepale. Kesho hakuna atakayekubali kwamba ilitoka kwake. Na franka zihesabu noti kwa noti mbele ya aliyekupa, hata kama bunda lina raba na nyuma yako kuna foleni.

## Hatua ya 4: Unga na makala, kabla ya tarehe 22

Mahindi mapya ya Katanga yanavunwa kuanzia Aprili. Desemba ghala zinaelekea kuisha, na sehemu kubwa ya unga wa mji inapita Kasumbalesa kutoka upande wa Zambia. Malori yakikwama mpakani wiki ya Noeli, bei inaruka. Mvua nayo inaharibu njia za makala. Vitu hivi viwili vikinunuliwa mapema, nusu ya vita imekwisha.

Unga. Mtu mmoja, mkubwa na mtoto kwa wastani, anamaliza kama gramu 350 za unga kwa siku nyumba ikila bukari (ugali) mara mbili. Watu sita: kilo 2.1. Kwa siku 42 ni kilo 88, yaani mifuko mitatu na nusu ya kilo 25. Weka minne, maana wageni hawataacha kuja.

Usinunue yote siku moja. Mifuko miwili ya kwanza inunue kwa pesa ya Novemba ukiweza, miwili kati ya tarehe 15 na 22 Desemba. Unga uliosagwa bila kukoboa una mafuta ya kiini, na kwenye unyevu wa mvua huanza kuchacha ndani ya wiki chache. Ukisikia harufu kama ya mafuta ya zamani na bukari ikiwa chungu kidogo, umechelewa.

Mfuko usigusane na sakafu wala ukuta. Weka matofali chini, mbao juu, acha nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Unga wa wiki uhamishie kwenye ndoo yenye mfuniko, ili mfuko mkubwa usifunguliwe kila jioni.

Kama unga wa muhogo uko chini kwa bei wiki hiyo, changanya kikombe kimoja cha muhogo kwa vitatu vya mahindi. Bukari inavuta vizuri zaidi, na wengine wanaipenda hivyo mwaka mzima. Ukizidisha, inanata kwenye vidole na watoto wanagoma.

Makala. Makala ya kafungu ndiyo ghali kuliko yote mjini, na ndiyo wanayonunua wasio na pesa. Pima: nunua mafungu mawili, yatundike kwenye mzani, gawanya bei kwa kilo. Kisha fanya hivyo kwa gunia zima. Ukishaona tofauti hutarudi kwenye mafungu bila sababu.

Kabla ya kulipa gunia, fanya majaribio matatu. Gonga vipande viwili: makala kavu inalia kama kigae, yenye maji inatoa sauti ya kufa. Inua upande mmoja: gunia zito kupita kawaida limenyeshewa. Ingiza mkono au kijiti hadi katikati: hapo ndipo vumbi na vipande vidogo vinapofichwa, juu na pembeni wakipanga magogo mazuri. Kofia ya majani juu ya gunia inaongeza urefu tu, haiongezi makala.

Mbabula (jiko la makala) nayo ina siri zake. Maharage yalowe usiku kucha, saa 8 hadi 12, maji ya kulowekea yamwagwe. Sufuria iwe na mfuniko tangu mwanzo. Chakula kikiiva, makala yenye moto itie kwenye kopo la chuma na ufunike. Inazimika kwa kukosa hewa na kesho inawaka tena. Usizime kwa maji. Na usiingize mbabula inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya mvua: hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Dalili ya kufaulu: tarehe 25 hakuna anayetumwa kununua makala wala unga.

## Hatua ya 5: Sokoni

Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi. Soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi) au la Mzee Kabila siku ya Jumamosi kabla ya Noeli ni mahali pa kuibiwa simu na kununua kwa haraka. Tarehe 23 na 24 nenda kwa mboga tu.

Vipimo vinadanganya kuliko bei. Meka (kopo la kupimia) ya mchuuzi huyu na ya yule hazilingani: nyingine imepigwa ngumi chini, nyingine ina kitambaa ndani, nyingine inajazwa kwa kumimina kutoka juu ili hewa ikae katikati. Nenda na mfuko wako, mimina, tundika kwenye mzani, kokotoa bei kwa kilo. Fanya mara moja kwa wachuuzi watatu, chagua mmoja, ubaki naye msimu wote.

Kuwa na mchuuzi wa kudumu kuna faida nyingine. Matabishi, yaani nyongeza ya bure. "Mama, niongezee matabishi, na wiki ijayo nitarudi kwako." Mgeni anapewa mkono mmoja wa maharage, mteja wa kila wiki anapewa miwili. Omba matabishi baada ya kukubaliana bei, kabla ya kutoa pesa. Ukiomba baada ya kulipa, unaomba zawadi.

Mafuta, sukari na sabuni vya kwenye mifuko midogo viache. Bido (dumu) la lita 5 la mafuta likigawiwa kwa majirani wawili linashuka bei kwa kila mmoja. Tumieni chupa ileile kugawa, mbele ya wote wawili.

Kula kile ambacho mvua inaleta. Mboga za lengalenga, matembele na ngai-ngai, maembe, na bowa (uyoga) kutoka porini: Desemba ndiyo wakati wake. Bowa zinunue kwa mama anayezijua na unayemjua. Usiokote mwenyewe kwa kubahatisha. Milo minne ya mboga na kapenta (dagaa) kwa wiki inalipia mlo mmoja wa nyama bila kugusa bahasha ya sikukuu.

## Hatua ya 6: Nyama ya sikukuu

Gramu 200 za nyama yenye mfupa kwa mtu mzima, 100 kwa mtoto. Watu wazima saba na watoto watano: kilo 1.9. Watu wengi wananunua kilo nne kwa kuogopa aibu, kisha nusu inaharibika umeme ukikatika.

Linganisha kwa nyama iliyo tayari kuingia kwenye sufuria. Kuku wa kizungu wa kilo 2 akiwa hai anatoa karibu kilo 1.4 hadi 1.5 akishachinjwa. Tuseme ni dola 6: ni kama dola 4.10 kwa kilo, na utumbo, miguu na kichwa ni chakula cha siku nyingine. Mbuzi wa kilo 25 anatoa karibu kilo 12. Familia tatu zikichangia mbuzi mmoja, kubalianeni kabla nani anachukua kichwa, ngozi na matumbo. Ugomvi wa Noeli mara nyingi unaanzia hapo.

Usinunue kuku wa kizungu wiki tatu mapema ukidhani unaokoa. Kuku aliyekomaa anakula kama gramu 160 za chakula kwa siku. Siku 20 ni zaidi ya kilo 3, na uzito anaouongeza haulipi. Siku tatu hadi tano kabla zinatosha. Wa kijiji ni tofauti, anajitafutia.

Kongelatere (friza): ikiwa imejaa na haifunguliwi, inashika baridi hadi saa 48 bila umeme. Ikiwa nusu, saa 24. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji zilizoganda. Gandisha pia kikombe kimoja cha maji, kisha weka sarafu au kifuniko cha chupa cha chuma juu ya barafu. Ukikuta kimezama, umeme ulikatika muda mrefu na nyama iliyeyuka ikaganda tena; hiyo usimpe mgeni wala mtoto.

## Hatua ya 7: Vinywaji

Kazie (kreti) ya chupa kubwa ni 12, ya ndogo ni 24. Kabla ya kwenda depo ya vinywaji, hesabu chupa tupu nyumbani, kwa sababu chupa unayoikosa unailipia rehani. Usiku wa tarehe 25 mtoto mmoja apewe kazi ya kukusanya tupu kila saa. Zirudishe kabla ya tarehe 5 Januari, ukiwa na karatasi ya depo mkononi.

Munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi, inapunguza matumizi ya soda, na wazee wanaifurahia zaidi. Kwa lita 10:

1. Chukua kilo 1 ya unga wa mahindi, koroga kwenye maji baridi lita 2, mimina kwenye lita 8 zinazochemka.
2. Pika kwa moto mdogo kama saa moja, ukikoroga. Uji uwe mwepesi na uive kweli.
3. Epua. Ngoja hadi iwe vuguvugu, kidole kikae ndani bila kuungua.
4. Tia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, ukubwa wa fungu moja la sokoni. Funika.
5. Baada ya saa chache uji unakuwa mwepesi kama maji. Chuja, acha hadi kesho, tia sukari wakati wa kunywa.

Ikibaki nzito, uliweka mizizi uji ukiwa wa moto mno, au mizizi ni ya zamani. Ikipita siku mbili inakuwa kali na inalevya; watoto wasinywe tena.

## Hatua ya 8: Nguo na shule kwa pamoja

Viatu vya Noeli viwe vyeusi na vifae darasani Januari. Shati jeupe hivyohivyo. Shule za msingi za serikali hazitozi ada tangu Septemba 2019, lakini madaftari na viatu ni juu yako. Balo la nguo (mtumba) linunue Novemba. Kuanzia tarehe 15 Desemba vizuri vimeshachaguliwa na bei haijashuka.

## Hatua ya 9: Wageni na maombi

Bahasha ya sikukuu itoe sehemu ndogo ya ndugu, tuseme dola 10, na ikiisha imeisha. Anayeomba mkopo, tuseme kaka au dada mkubwa, jibu siku hiyohiyo, kwa heshima na bila hadithi ndefu: "Yaya, ya Desemba nimeshagawa yote. Unga ninao, njoo uchukue meka mbili." Unga una mwisho unaoonekana. Pesa ikishatoka haina.

Mgeni wa kulala aulizwe mapema anakaa siku ngapi. Kila siku yake ongeza gramu 350 za unga kwenye daftari.

## Ikiharibika katikati

Tarehe 3 Januari hesabu kilichobaki, gawanya kwa siku zilizobaki. Ikiwa namba imeshuka chini ya robo tatu ya ile ya ukurasa wa kwanza, usikope bado. Punguza nyama wiki mbili, unganisha safari za mjini ziwe moja kwa wiki, rudisha kazie zote, na mfuko wa unga uliozidi uuze kwa jirani kwa bei ya siku. Kukopa kwa riba Januari ni kununua Noeli mara mbili.

## Ya mwaka ujao: likelemba (upatu) yenye tarehe

Watu kumi, dola 10 kila mmoja kwa mwezi, kuanzia Februari hadi Novemba. Kila mwezi mmoja anachukua 100. Daftari moja, sahihi ya kila mlipaji mbele ya wawili, na aliyeshindwa kulipa miezi miwili zamu yake inasogezwa mwisho. Chukueni watu mnaojua wanapolala. Wa zamu za mwisho ndio wanaoumia wenzao wakitoroka.

Omba zamu ya Oktoba au Novemba. Inakukuta unga na makala vikiwa bado na bei ya kawaida. Zamu ya Desemba msiiweke kabisa.